Sijasoma sheria, mahakamani nitafanya kazi gani?

Swali la msomaji: Shikamoo kaka. Mi nina digrii ya mipango, nimemaliza 2023 pale Dodoma, sahivi niko Singida namsaidia mama dukani. Nimeona Tume ya Utumishi wa Mahakama wametangaza nafasi, kuna maafisa mipango, watakwimu, maafisa tawala na makarani. Rafiki zangu wananicheka, wanasema mahakamani ni kwa wanasheria, we utaenda kupiga mihuri tu. Kweli kuna maisha ya kikazi kwa mtu kama mimi humo? Hao watu wa mipango wanafanya nini kila siku? Na je nikasome sheria kwanza ndo niombe?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hao rafiki zako waambie kupiga muhuri ni kazi, tena kazi nzito, maana muhuri wa mapokezi ukiwa na tarehe ya kesho kutwa badala ya leo mtu anaweza kuambiwa rufaa yake imekuja nje ya muda na shamba la baba yake likaondoka hivyohivyo. Kwa hiyo tusimdharau mpiga muhuri, ndo wa kwanza kutengeneza hizo takwimu utakazokuja kuzichakata we afisa mipango.

Mi nimekaa huko miaka kadhaa, nilianza kama mtakwimu kwenye kanda moja ya Mahakama Kuu halafu nikavutwa upande wa mipango. Niliingia sijui kitu. Siku ya kwanza naambiwa kalete rejesta nikajua ni daftari la mahudhurio, nikaenda nikalileta, masjala nzima (ofisi ya majalada) ikacheka. Rejesta mahakamani ni lile daftari kubwa ambalo kila shauri linapofunguliwa linapewa namba na mstari wake, na mstari huo unajazwa kidogokidogo mpaka siku shauri linaisha, jina la mlalamikaji, mdaiwa, tarehe ya kufunguliwa, hakimu aliyepangiwa, matokeo, tarehe ya kuisha. Ukilielewa lile daftari umeelewa nusu ya kazi. Siku izi lipo kwenye kompyuta ila akili yake ni ileile.

Sasa nikueleze kwanini hizi nafasi zipo, maana watu wengi hawajui na ndo hapo kwenye intavyuu wanaanguka. Zamani mahakimu na wasajili walikuwa wanafanya yote. Asubuhi anasikiliza kesi ya wizi wa ng'ombe, mchana anasaini hati ya malipo ya umeme, jioni anagombana na fundi wa bomba, na hukumu inamsubiri nyumbani. Ikaja Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama, Na. 4 ya 2011, hiyo ikagawa nyumba vyumba viwili. Upande mmoja kuna Msajili Mkuu na wasajili wake, hao wanashughulika na mambo ya kimahakama, mashauri, majalada, vikao. Upande wa pili kuna Mtendaji Mkuu wa Mahakama na watendaji wake, hao ni pesa, watu, majengo, magari, manunuzi, mipango. Ukishuka kwenye kanda ni hivyohivyo, kuna Naibu Msajili na kuna Mtendaji, wote wako chini ya macho ya Jaji Mfawidhi, yani jaji anayesimamia kanda. Sheria hiyohiyo ndo ilileta Mfuko wa Mahakama, na kwenye vitabu vya bajeti ya serikali utaona Mahakama ina fungu lake, Fungu 40, ingawa bungeni inasomwa ndani ya Wizara ya Katiba na Sheria. Ukikumbuka tu hiyo Fungu 40 kwenye usaili watakuangalia mara mbili.

Na juu ya hayo yote kuna Katiba yenyewe. Ibara ya 107A inasema mahakama ndo yenye kauli ya mwisho kwenye utoaji haki, halafu inataja kanuni za kufuata, mojawapo ni kutochelewesha haki bila sababu ya msingi. Hapo ndo penye mkate wa mtu wa mipango. Hakimu anaweza kuwa mwadilifu na mchapakazi, lakini kama karatasi zimeisha, shahidi hajalipwa nauli ya kurudi kwao, gari la kupeleka wito limekufa, kiyoyozi cha chumba cha seva kimezimika, haki inachelewa na yeye hana kosa lolote. Kuna mtu inabidi ayaone hayo miezi 8 kabla. Huyo ni we.

Kila siku wanafanya nini? Itategemea msimu bana. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo kuna miezi ambayo utaishi na Excel kuliko na mumeo (kama unaye). Vituo vinaleta maoteo yao, yani mahakama za wilaya na za mwanzo zinaandika zinataka nini, na kila mtu anataka kila kitu. Kazi yako ni kukaa na karatasi ya mahakama fulani ya mwanzo inayoomba jengo jipya na karatasi ya mahakama nyingine inayoomba jengo jipya, hela ni ya jengo moja, na uandike sababu ambayo Jaji Mfawidhi, Mtendaji na mkaguzi wote wakiisoma hawatakuona umependelea kwenu.

Hapo nikupe mfano maana ndo palinifundisha kazi. Tulikuwa tunapanga mahakama ya mwanzo ijengwe kata ipi kati ya mbili, majina niyaache. Kwenye ramani kata A ilikuwa na watu wengi na umbali mdogo, kila kitu kinasema A. Nikaandika dokezo zuri sana kwa kweli, na jedwali. Mzee mmoja dereva wetu akalisoma juujuu akaniuliza, bwana mipango, umeshawahi kwenda huko mwezi wa nne? Nikasema hapana. Akasema pale katikati kuna mto, masika gari haliendi, mtu anazunguka mpaka makao makuu ya wilaya kwanza. Halafu akauliza mahabusu watatoka wapi, kituo cha polisi kipo kata B, kila siku ya kesi polisi watalazimika kukodi gari, na hela ya kukodi hawana, kwa hiyo kesi zitaahirishwa. Halafu hicho kiwanja cha kata A kina hati? Nikabaki naangalia jedwali langu. Tuliandika upya. Tangu siku hiyo kabla sijapendekeza jengo popote nauliza vitu vinne ambavyo chuoni hawakunifundisha: njia ya masika, polisi walipo, gereza lilipo, na hati ya kiwanja. Idadi ya watu inakuja ya tano.

Na sio kila tatizo ni jengo. 2019 Mahakama ilileta mahakama inayotembea, yani gari kubwa lililotengenezwa kuwa chumba cha mahakama ndani, hakimu na karani wanaenda walipo watu. Baadae 2021 vikazinduliwa vituo jumuishi vya utoaji haki, jengo moja ndani yake kuna Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu na wadau wengine, vya mwanzo vilikuwa Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro na Dar, na kile cha Temeke kikapewa mambo ya familia na mirathi peke yake. Ukiyaona hayo kwenye taarifa ya habari unaona Rais anakata utepe, ila nyuma ya utepe kuna mtu alihesabu mashauri ya mirathi ya jiji la Dar akaonyesha kwamba yanatosha kupewa nyumba yao. Mi hiyo ndo naiita raha ya hii kazi.

Sasa tuingie kwenye takwimu, hapa nitakaa kidogo maana hata ukiajiriwa afisa mipango hutakwepa.

Kila mwezi kila mahakama inatoa taarifa: yaliyobaki mwezi uliopita, yaliyofunguliwa, yaliyoisha, yanayobaki. Vitu vinne tu, mtoto wa darasa la tano anajumlisha. Lakini wakati niko kanda kulikuwa na mahakama moja ya wilaya taarifa zake zilikuwa hazinikai. Mashauri yanayobaki yalikuwa yanaongezeka kila mwezi na hakimu pale ni mtu wa kazi, anatoa hukumu kweli. Nikaomba ruhusa nikaenda, mimi na karani tukahesabu majalada kwa mkono moja moja siku tatu, vumbi mpaka puani. Tukakuta yale ya kwenye makabati ni machache kuliko ya kwenye taarifa. Yaliyozidi yalikuwa ya aina tatu. Kuna yaliyohamishwa kutoka mahakama nyingine yakapewa namba mpya bila ile ya zamani kufungwa, kwa hiyo shauri moja linahesabiwa mara mbili. Kuna yaliyotolewa hukumu kitambo, jalada likapelekwa kuchapwa, likarudi likawekwa kwenye ya zamani, rejesta haikujazwa. Na kuna machache hayakuonekana kabisa siku hiyo, hayo yalileta kikao ambacho sitakisahau (yalipatikana, yalikuwa Mahakama Kuu yameitwa kwa ajili ya rufaa na hakuna aliyeandika popote).

Unaona? Makao makuu walikuwa wameanza kufikiria kuongeza hakimu pale. Angeenda hakimu, nyumba, posho ya uhamisho, kwa ajili ya majalada ambayo hayapo. Na mahakama ya jirani iliyokuwa imezidiwa kweli ingekosa.

Usije ukadhani mfumo wa kompyuta umemaliza hiyo shida. Siku izi mashauri yanafunguliwa na kuratibiwa kielektroniki, wakili anafungua akiwa ofisini kwake, malipo kwa namba ya kumbukumbu, jalada linaonekana kwenye skrini. Ni hatua kubwa sana na mi naisifia. Lakini kosa limehama tu, limetoka kwenye peni limeenda kwenye kibodi. Mtu akichagua aina ya shauri isiyo yenyewe kwenye orodha, ya ardhi ikaingia madai ya kawaida, taarifa yako ya mwaka ya migogoro ya ardhi imeshaharibika na hakuna anayejua. Kwa hiyo mtakwimu mzuri wa mahakama bado anashuka masjala anakaa na makarani anakunywa nao chai. Ukijifanya bosi wa ripoti utapata takwimu za kukufurahisha.

Vipimo vyenyewe sio vigumu. Cha kwanza ni kiwango cha uondoshaji, yani yaliyoisha gawanya kwa yaliyofunguliwa zidisha mia. Tuseme mahakama imeanza Januari na mashauri 300, yakafunguliwa 900, yakaisha 880. Kiwango ni karibu asilimia 98, wanabaki na 320. Ukitaka kujua kwa kasi hiyo yaliyobaki yataisha kwa siku ngapi, chukua 320 zidisha 365 gawanya kwa 880, unapata kama siku 133. Sawa. Mwaka unaofuata yakafunguliwa 700, yakaisha 750. Kiwango kimeruka mpaka asilimia 107! Watu watapiga makofi kwenye kikao. Lakini hebu angalia tena, mwaka wa kwanza walimaliza 880 na mwaka wa pili 750, wamefanya kazi pungufu, kilichowabeba ni kwamba watu wamefungua kesi chache. Na swali la kweli hapo linakuwa kwanini watu wamepungua, amani imeongezeka, ada imepanda, au wameona wakija hapa wanazungushwa wakaamua kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji? Asilimia 107 haikwambii.

Cha pili ni mlundikano, na hili neno watu mtaani wanalitumia ovyo, wakiona kesi nyingi wanasema mlundikano. Kwa lugha ya humo ndani mlundikano ni umri, sio wingi. Mahakama ya Mwanzo shauri likipita miezi 6 ni mlundikano, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi miezi 12, Mahakama Kuu miezi 24. Kwa hiyo mahakama inaweza kuwa na mashauri 800 na mlundikano ukawa sifuri, na nyingine ina 60 tu lakini 20 yameota ndevu. Kenya wenzetu wao wanaweka mwaka mmoja, kwa hiyo ukitaka kulinganisha nchi hizi mbili kuwa makini sana, nimeona vijana wanachukua namba za Nairobi wanaweka pembeni ya za Dodoma wanachora grafu, ile grafu haina maana yoyote.

Na kuna mtego ambao hauandikwi popote. Ukianza kuwapima mahakimu kwa idadi ya mashauri waliyomaliza, watu ni watu, yale mepesi yatakimbia. Makosa ya barabarani mtu anakiri dakika kumi limeisha, mrundo wa hayo ukiyamaliza namba inapendeza. Ile ya ardhi yenye mashahidi kumi na nne na kwenda kuangalia mpaka wa shamba inabaki kabatini. Kwa hiyo mimi nikipeleka taarifa kwa Jaji Mfawidhi sikuwahi kumpelekea jedwali la nani wa kwanza nani wa mwisho. Nilikuwa napeleka orodha, mashauri 15 yaliyokaa zaidi kanda nzima, namba, liko wapi, mara ya mwisho liliitwa lini, limeahirishwa kwa sababu gani. Hiyo ikienda kwenye kikao cha kusukuma mashauri, ambacho mwendesha mashtaka yupo, polisi yupo, magereza yupo, mawakili wapo, inafanya kazi, kwa sababu hakuna anayeaibishwa ila kila mmoja anaona jalada lililokwama mezani kwake.

Utafiti nao ndo huohuo kwa sehemu kubwa. Watu wakisikia utafiti wanafikiria dodoso za kurasa kumi. Utafiti wenye faida kuliko wote niliowahi kushiriki ulikuwa wa kukaa na majalada na kusoma mwenendo, yani zile kurasa hakimu anazoandika kila shauri likiitwa, na kuandika sababu ya kila ahirisho. Shahidi hajaja. Upelelezi haujakamilika. Wakili yuko Mahakama Kuu. Hakimu yuko semina. Hiyo ya mwisho ilituuma, maana semina nyingine tulikuwa tumeziandaa sisi watu wa mipango, siku ambazo ratiba ya mashauri ilikuwa imejaa. Tulianza kuuliza kalenda ya mahakama kabla ya kupanga mafunzo. Halikuhitaji hela, lilihitaji mtu asome.

Haya, kuhusu mipaka. We utakuwa mtumishi wa mahakama usiye hakimu, na hii inachanganya ndugu na majirani. Watakupigia. Mjomba ana kesi, eti we si uko mahakamani, ongea na mheshimiwa. Jibu ni hapana, na ukitaka kulala vizuri liseme siku ya kwanza. Ibara ya 107B imeweka kwamba majaji na mahakimu wanaamua kwa uhuru, wanafuata Katiba na sheria tu, na uhuru huo una maana hata kwako wewe mwenzao wa ofisi ya pili. Unaweza kumuuliza hakimu kwanini shauri halijaitwa miezi minne. Huwezi kumuuliza kwanini ameamua hivi. Mstari ni mwembamba na kuna siku utaukanyaga bila kujua, mi niliwahi kuandika kwenye rasimu ya taarifa kwamba mahakama fulani "inatoa dhamana chache mno", Naibu Msajili akaniita akafunga mlango. Alikuwa sahihi. Namba naweza kuweka, neno "mno" halikuwa langu.

Pia jiandae kisaikolojia kwamba kuna vituo utakuta Mtendaji na Naibu Msajili hawaelewani, kila mmoja anaona gari ni lake. Omba Mungu usiwe katikati, na ukiwa katikati andika kila kitu kwa maandishi.

Uombe lipi sasa. Kwa digrii yako omba afisa mipango, soma sifa kwenye tangazo neno kwa neno, kama wameandika mchumi na digrii yako imetajwa humo basi ni hiyohiyo. Utakwimu waachie waliosoma takwimu, wa Chuo cha Takwimu pale Changanyikeni na wengine, labda tangazo liwe limeruhusu. Afisa tawala ni njia nzuri pia kwa waliosoma utawala, wengi wa Mzumbe wamepita hapo, na ndo njia inayoweza kukufikisha kwenye utendaji wa kanda huko mbele. Wa masjala na kumbukumbu wengi wanatoka Chuo cha Utumishi wa Umma, hao ukifika wafanye rafiki mapema. Maombi yanaenda kwenye mfumo wa Tume yenyewe, Tume ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, sio ule mfumo wa Sekretarieti ya Ajira mliouzoea, kuna watu wanaomba kule wanasubiri mwaka mzima kuitwa wakati hawajaomba. Na yeyote atakayekupigia anasema ana mtu wake ndani tuma laki mbili, kata simu.

Kituo hutachagua. Unaweza kupangiwa makao makuu Dodoma kwenye lile jengo jipya lililozinduliwa Aprili 2025, unaweza kupangiwa kanda ya mbali na kwenu, ukazunguka na landkruza kwenye mahakama za mwanzo ambazo choo ni cha shimo. Kama unapenda mjini tu fikiria vizuri. Mi binafsi naona aliyeanzia makao makuu bila kukaa kituoni anakuwa na upofu fulani, anaandika mipango mizuri isiyo na mto katikati.

Kusoma sheria kwanza, hapana. Usipoteze miaka. Ukishaajiriwa kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya 1998, wanatoa cheti na stashahada ya sheria na pia mafunzo ya watumishi waliomo kazini. Peleka sweta. Kabla ya hapo soma mwenyewe vitu vitatu tu, Katiba ibara ya 107A na 107B, ile sheria ya 2011, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ujue mahakama ya mwanzo inasikiliza nini na ya wilaya inasikiliza nini. Na utafute Mpango Mkakati wa Mahakama, ule wa 2015/16 mpaka 2019/20 na uliofuata wa 2020/21 mpaka 2024/25, uone walivyoupanga kwa nguzo tatu. Usiukariri, tafuta walichoahidi kwenye wa kwanza kikarudi tena kwenye wa pili, halafu jiulize kwanini kilirudi. Nikiwa kwenye paneli ya usaili swali kama hilo ndo ningekuuliza.

Kiswahili chako pia kiweke sawa. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, madokezo na taarifa nyingi zinaandikwa kwa Kiswahili, na nimeona wahitimu wa digrii wanashindwa kuandika dokezo la kurasa mbili bila kujikanyaga.

Kama mbele ya safari utachoka na ndani ya nchi, Arusha kuna Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, zote zina ofisi za msajili zenye watu wa mipango, fedha na kumbukumbu, na ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyofungwa 2015 iliwahi kuajiri Watanzania wengi hapohapo Arusha. Ila hiyo ni baadae sana, usianze kuota dola leo.

Cha kufanya wakati unasubiri majibu ya maombi, hapo dukani kwa mama, kama una simu na bando. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zimejaa humo. Chagua kanda moja ya Mahakama Kuu, tuseme ya Dodoma, chukua rufaa za ardhi 50 za mwaka mmoja. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu zinaandika tarehe ya amri ya mwisho (yani amri ya mwisho kabla ya hukumu) na tarehe ya hukumu, na namba ya shauri ina mwaka wake. Tengeneza jedwali: namba, mwaka wa kufunguliwa, tarehe ya amri ya mwisho, tarehe ya hukumu, siku zilizopita katikati, limetoka mahakama au baraza la ardhi gani, matokeo. Kuwa makini na yale yenye namba ya mwaka mmoja na hukumu ya miaka mitatu baadae, fungua usome kwanini, mara nyingi sababu imo kwenye aya za mwanzo. Majina ya watu usiyaweke kwenye jedwali lako, huna kazi nayo. Ukifika ya hamsini niandikie nione umeipa ile safu ya "matokeo" makundi mangapi, maana najua kuna sehemu utakwama kati ya iliyokataliwa na iliyotupwa kwa sababu za kiufundi, wote tulikwama hapo.